Kitabu cha Mfungo Nne

Mkunazini, Unguja
Jumatano, 30 Septemba 2026

Kwa Baba yangu, Bwana Badar Suud, Chukwani.

Shikamoo, Baba.

Neno hilo nimelitanguliza kwa sababu Mama yuko nyuma yangu anapiga pasi, na amesema hata nikiwa na hasira kiasi gani, barua ya mtoto kwa mzee wake huanza kwa kuamkia. Basi nimekuamkia. Naomba barua hii ikukute mzima, na maumivu ya mgongo yawe yamepungua. Wadogo zangu hawajambo? Mama mdogo naye hajambo? Sisi huku miili yetu mizima. Presha ya Bibi imeteremka, Mama yuko na cherehani yake, na mimi naendelea na masomo ya kidato cha tatu. Ungekuwa unayauliza haya mwenyewe nisingelazimika kuyaandika, lakini hujayauliza tangu mwezi wa saba, kwa hiyo nimekujibu bila ya kuulizwa.

Juzi Jumatatu alikuja Mwalimu Yussuf, katibu wako, akaegesha vespa yake barazani, akanipa amri yako. Alisema umesema nimekuvunjia heshima mbele ya watu themanini, na kwamba kabla ya Ijumaa niandike barua ya kuomba radhi, iliyojaa ukurasa mzima, yenye sahihi yangu, isomwe mbele ya wajumbe wa Jumuiya. Akaongeza, kwa kicheko, kwamba umesema kazi hiyo haitonishinda, kwa kuwa mtoto huyu kuandika anajua, kusema ndiko hajui.

Hilo la kusema ni kweli. Ndiyo maana nakuandikia na sikupigii simu. Kwenye simu wewe husema, na mimi huitika naam mpaka salio liishe. Hapa kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Na kwa kuwa wajumbe watasikiliza, nitaeleza kila kitu tangu mwanzo, hata yale unayoyajua wewe, asije mtu akasema hakufahamu.

Mwezi wa saba ulikuja nyumbani na halua na jambo la kuniomba. Ulikaa kwenye kiti cha Babu, ukasema kwamba mwaka 1976 mji wetu ulitoa riwaya tatu kwa mwaka mmoja, jambo lisilokuwa la kawaida, na mwaka huu zote tatu zinatimiza miaka hamsini. Jumuiya yenu ya wapenzi wa riwaya, ambayo mwenyekiti wake ni wewe, inataka kuzifanyia sherehe. Ya kwanza ni *Mlango wa Msaji*, ya Babu, marehemu Suud Talib. Ya pili ni *Bandari Bila Taa* na ya tatu ni *Mwaka wa Karafuu Mbichi*, ambazo waandishi wake nao wameshatangulia mbele ya haki. Ukataka niandike vijikaratasi vya maelezo vya kuwekwa mezani, na siku yenyewe nisome ukurasa mmoja wa kitabu cha Babu. Ulisema mjukuu akisoma kitabu cha babu yake, watu hutoa vitambaa vya kufutia machozi.

Nilifurahi, sitokataa. Vitabu vyote vitatu nilikuwa nimeshavisoma, kimoja mara mbili. Nikakwambia, kwa sauti yangu ile unayoiita ya mbu, kwamba si tatu, ni nne. Kipo na *Ghorofa ya Tatu*, cha Bi Mize Simai, jirani yetu wa mbele, ambaye dirisha lake la juu na dirisha letu la juu yanatazamana karibu hata mtu anaweza kumpa mwenziwe chumvi juu ya uchochoro. Nilikisoma kwenye maktaba ya skuli, nakala isiyokuwa na jalada, na mtaani husemwa nacho ni cha mwaka ule. Kinahusu mwanamke aliyefungiwa chumbani na mume mwenye heshima zake mjini. Nikakwambia tena kwamba katika waandishi wote wanne, aliye hai ni yeye peke yake.

Ulicheka kwa mdomo tu. Ukasema kitabu kile si cha mwaka ule. Ukasema kama mimi ndiye msomi wa nyumba hii, basi nikapige hesabu.

Ukurasa wa mwisho wa *Ghorofa ya Tatu* hauna mwaka wa kizungu. Umeandikwa hivi tu: Mfungo Nne, 1397. Nikachukua simu ya Mama, nikautafuta mwaka 1397 wa Hijra, nikahesabu mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, nikaangukia Machi na Aprili ya 1977. Nikakuletea jawabu. Ulijipiga paja, ukamwita Mama atoke jikoni, ukamwambia mtoto huyu kachukua akili za Suud Talib. Miaka mitatu, tangu uhamie Chukwani, hukuwahi kumwita mtu aje asikie jambo jema langu. Nilitembea na maneno yale kutwa nzima kama mtu aliyevaa nguo mpya ya Idd.

Wiki iliyofuata kipeperushi chenu kikatoka, na chini yake, kwa herufi ndogo, kimeandikwa: Tarehe zimehakikiwa na Tamima Badar Suud. Nilikikata kipande hicho nikakibandika ndani ya kabati langu.

Halafu ukaja mkutano wa Jumamosi ya tarehe tano Septemba, nami nilikuwepo nikiandika kumbukumbu. Wajumbe wanakumbuka. Bi Mize alikuja peke yake, ana miaka themanini na moja na macho yake mazito, kitabu chake amekitia ndani ya mkoba wa ukili. Alisema amesikia redioni kuwa riwaya za mwaka wake zinafanyiwa sherehe, na amekuja kuulizia kiti chake kitakuwa wapi.

Wewe hukumpa hata kiti cha wakati ule. Ulitabasamu kwa wajumbe, si kwake yeye, ukasema biarusi wa mwaka wa pili haingii kwenye fungate ya mwenziwe wa mwaka wa kwanza. Wakacheka. Mmoja akasema Bi Mize asubiri mwakani, atafanyiwa yake peke yake, atakuwa hana mke mwenza. Wakacheka zaidi. Bi Mize alingoja mpaka kicheko kikaisha, kisha akasema kwamba yeye alishachekwa na baba yako, na baba yako angalau alikuwa anajua kuchekesha. Hapo hakucheka mtu.

Alisema kitabu chake kimetoka mwaka 1976, mzigo wake aliupokea mwenyewe bandarini kabla ya mwaka wa kizungu kwisha. Wewe ukamwambia kumbukumbu za watu wazima huchanganya miaka kama mchele na chuya. Ukampa kipeperushi, ukasema hesabu imepigwa na mjukuu wa Suud mwenyewe, si na adui. Akauliza Tamima yuko wapi. Nikaitika naam. Akanisogelea, kwa sababu haoni mpaka awe karibu, akanishika kidevu, akaniuliza nimehesabu vipi. Ukanijibia wewe, ukasema nimehesabu kwa kompyuta. Bi Mize akasema basi hiyo kompyuta haikufunga Ramadhani. Akakichukua kitabu chake akatoka.

Wajumbe walicheka tena, wakidhani ni utani. Mimi sikucheka, kwa sababu nilihisi maneno yale yana kitu ndani yake na sikukielewa.

Jioni ile nilimkuta Bibi amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamuuliza mfungo nne ndio mwezi gani. Alinitazama kama niliyemuuliza jua linatokea wapi. Akasema mtoto anasoma vitabu vinene kama matofali, na miezi ya kwao haijui. Kisha akanifundisha. Mwezi wa Ramadhani ukisha, watu wanaanza kuhesabu: mfungo mosi ndio mwezi wa Idd ndogo, mfungo tatu ndio wa Idd kubwa, na mfungo nne ndio unaofungua mwaka wenyewe, wenye Ashura. Akaniuliza tuko mfungo gani sasa, na Maulidi tumeshayasoma. Nikasema mfungo sita. Akaniuliza skuli tumefundishwa Mtume kazaliwa mwezi wa ngapi. Nikasema wa tatu. Akasema basi jawabu unalo, nipe hiyo nazi nyengine.

Nikahesabu upya. Mfungo nne wa 1397 ulikuwa ndio mwezi wa kwanza wa mwaka ule, si wa nne. Ulianza tarehe ishirini na tatu Disemba, 1976, au siku moja kabla au baada, kufuata mwezi ulipoonekana. Nimezaliwa Unguja, nimefunga tangu nina miaka minane, na nimepiga hesabu ya mfungo kama mtalii.

Siku ya pili nikakupigia simu nikakwambia. Hii wajumbe hawaijui, na naomba Mwalimu Yussuf aisome polepole. Hukushangaa hata kidogo. Ulisema nusu ya mwezi huo imo Disemba na nusu imo Januari, nani atajua. Ukaniuliza kama Bi Mize ana karatasi yoyote ya kuthibitisha. Nikakujibu sijui. Ukasema basi, asiyekuwa na karatasi ana hadithi za jikoni. Ndipo ukatoa la moyoni. Ulisema mwanamke yule aliiba aibu ya nyumba yetu akaichapisha, kwamba kila aliyekisoma kitabu kile alijua mume yule ni nani, na madhali uko hai hakitawekwa meza moja na cha baba yako. Ukaniambia nifunge mdomo, nisome ukurasa wangu wa thelathini na moja wa kitabu cha Babu, na kipeperushi kibaki kama kilivyo.

Nikafunga mdomo. Wiki tatu nzima.

Sasa tufike Jumamosi iliyopita. Ukumbi ulipendeza, hilo nalisema kwa haki. Baada ya laasiri upepo wa bahari uliingia kwenye madirisha, na watu walivaa vizuri, na walikuja hata wahadhiri wa chuo kikuu kutoka Tunguu. Katikati uliweka meza ya kioo yenye vitu vya Babu: miwani yake, kalamu yake ya wino, kofia yake ya kiua, na ufunguo mkubwa wa shaba. Kijikaratasi cha ufunguo niliandika mimi, maneno ulinitajia wewe: Ufunguo wa chumba ambamo marehemu aliandikia riwaya yake. Alipenda utulivu. Hiyo sentensi ya mwisho nilikuwa sijaiweka. Uliiongeza kwa mkono wako.

Ulimleta Bibi kwa gari, ukamweka mstari wa mbele, ukapigwa naye picha nne. Ulipokwenda kupokea wageni, aliniita nimshike mkono, akataka kuona vitu vya mume wake. Miwani akaitambua. Kofia akaitambua, akasema kiua kile ameshona yeye. Alipofika kwenye ufunguo akasimama. Hakuja na miwani yake, akaniambia nimsomee kilichoandikwa. Nikamsomea. Akaweka kiganja juu ya kioo. Kisha akaniuliza kwa upole kama nilishawahi kumuona mtu anayejifungia ndani kuandika, halafu ufunguo akauweka nje. Nikasema hapana. Akasema ufunguo huu haukuwahi kulala ndani ya chumba kile. Ulikaa mfukoni mwa kanzu, na kanzu ilikuwa inatoka nayo kazini.

Alifungua mkoba wake akanipa kitabu. Nilidhani ni msahafu, kwa jinsi alivyokifunga kwa kitambaa. Kilikuwa ni *Ghorofa ya Tatu*, na jalada lake zima. Akaniambia mahali pa kusoma kuna uzi.

Yaliyofuata unayajua, lakini wewe ulikuwa umeshaanza kukasirika na aliyekasirika hasikii vizuri, kwa hiyo nitakuandikia. Uliniita jina, nikapanda. Karatasi ya ukurasa wa thelathini na moja nilikuwa nayo mkononi. Nikaiweka chini. Nikafungua kwenye uzi, nikasoma: “Kila asubuhi nausikia ufunguo ukizunguka mara mbili, kama wa mtu anayefunga duka lake na mali yake ndani. Kisha nyayo zinateremka. Kisha mji mzima unaamka, na mimi simo.”

Ulizima kipaza sauti kabla sijafika mwisho wa aya. Hapo, Baba, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikasoma kwa sauti ya kusikika bila ya kipaza sauti. Sijui ilitoka wapi. Mama mmoja nyuma alipiga kelele mwacheni mtoto amalize. Mhadhiri mmoja akasimama akauliza ni kitabu gani hicho, cha mwaka gani, na mbona hakimo mezani. Wewe ukawaambia wageni kwamba mtoto ana homa, tangu asubuhi hajisikii. Bibi akainuka kwenye kiti chake cha mbele, akanigusa shingo mbele ya watu wote, akatangaza kwamba mtoto yuko baridi kama samaki wa sokoni. Watu wakacheka, na safari hii hawakumcheka Bi Mize.

Kiti cha Bi Mize, kama angekuwa nacho, kingekuwa kitupu. Alibaki nyumbani kwake kama mlivyomtaka.

Ulinishika mkono ukanitoa nje. Uliyonambia kwenye ngazi sitayaandika, kwa sababu wajumbe wana watoto wao na huenda wengine wanawapenda.

Jumapili asubuhi, Bibi alinikalisha kwenye chai na mkate wa ufuta, akanieleza kile ambacho unamuita Bi Mize mwizi kwa ajili yake. Alikuwa na miaka ishirini na nne. Alitaka kusomea ualimu, na Bi Mize, ambaye alikuwa akisomesha tayari, alimtafutia nafasi. Babu alisema mke wa Suud Talib haonekani njiani na madaftari. Bibi akaenda siku mbili. Siku ya tatu Babu alipotoka kwenda kazini alifunga mlango wa ghorofa ya tatu ya nyumba hii hii kwa nje, na kwa muda wa miezi ishirini kasoro kidogo alifunga hivyo kila asubuhi na kufungua kila alasiri. Jioni ndipo alipokuwa akiandika mle ndani. Kwa hiyo kijikaratasi chako, Baba, nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Bi Mize akirudi skuli alikaa kwenye dirisha lake, na Bibi alimsimulia siku yake nzima kuvuka uchochoro. Bibi ndiye aliyesimulia na Bi Mize ndiye aliyeandika. Hakuibiwa mtu. Nikamuuliza Bibi mbona kimetoka mwaka ule ule wa kitabu cha Babu. Alisema kwamba kitabu cha Babu kilipotoka, wakati wa masika, Babu alipanda nacho juu akamsomea sura yote inayosifia heshima ya mke ndani ya nyumba, kisha akamuuliza amekionaje. Bibi akasema kizuri. Siku ya pili yake akamwambia Bi Mize afanye afanyavyo, chao nacho kitoke kabla ya mwaka kwisha. Alisema hivi, nami nimeyaandika siku ile ile nisije nikayapoteza: watu watakapokuja kukihesabia chake miaka, iwe hamsini, iwe mia, wasiweze kukihesabu peke yake.

Mchapaji wa Dar es Salaam alichelewa. Mfungo tatu ukapita wakidhani hakitawahi. Kilipofika, kilifika mfungo nne, na bado zimebaki siku mbili za mwaka wa kizungu. Bibi anasema tangu kitabu kiingie mjini ufunguo haukuzungushwa tena. Kila nakala Babu aliyoiona aliiondoa, na ufunguo aliuweka mpaka alipokufa.

Na Bibi alinieleza jambo jengine, ambalo nilifikiri nisiliandike, lakini barua hii ni ya kweli. Ulikuwa na miaka sita. Ulikuwa ukirudi chuoni unakaa kwenye ngazi nje ya mlango ule, unasoma sura zako za Kurani kwa sauti ya juu ili akusikie, na yeye anakusahihisha kutoka ndani. Anasema ulikuwa na sauti nzuri. Kwa hiyo ufunguo ule unaujua kuliko mtu yeyote aliyekuwepo ukumbini, na ukaniambia niandike kwamba alipenda utulivu. Nilikuhurumia kidogo niliposikia habari za ngazi. Kisha nikakumbuka ulivyomcheka Bi Mize, na huruma ikaondoka.

Sasa nakuja kwenye radhi uliyoitaka.

Siku ile ya mkutano, Bi Mize alipotoka, nilimfuata mpaka mlangoni kwake. Nilitaka kumwambia kitu. Yeye ndiye aliyesema. Aliniambia ningoje, akapanda ngazi zake zote, akateremka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa hati ya mzigo ya bandarini: vitabu, mabunda mawili, mpokeaji Mize Simai, na muhuri wa tarehe 29 Disemba, 1976. Akasema macho yake hayamruhusu tena kubishana na watu, na mimi ninaonekana msichana wa vitabu, basi nimpelekee baba yangu. Nikasema naam.

Sikukupa. Niliitia ndani ya daftari langu la jiografia. Siku ya pili ulipouliza kwenye simu kama ana karatasi, na mimi nikasema sijui, ilikuwa iko mapajani mwangu. Ningeitoa, jina langu lingefutwa kwenye kipeperushi, na wewe ungemwita Mama atoke jikoni aje asikie nilivyokosea. Sikutaka hilo litokee. Niliyataka yale maneno ya akili za Suud Talib yaendelee kuwa yangu. Wewe ulimfungia Bi Mize mlango kwa chuki, na mimi nilimfungia kwa kupenda kusifiwa, na hati yake nikatembea nayo wiki tatu ndani ya daftari, kama ufunguo mfukoni. Sikujua nimefanana na nani mpaka Bibi alipotaja ile kanzu.

Kwa hiyo hesabu mbovu ilikuwa bahati mbaya, na kusoma kitabu chake Jumamosi ni jambo nililolifanya nikiwa na akili zangu. Kwa yote mawili hayo siombi radhi kwako. Ninaloliombea radhi ni karatasi, na mwenye karatasi si wewe.

Jumapili, baada ya adhuhuri, nilimpelekea. Nilimwambia kila kitu, na sauti ilitoka. Alisikiliza amesimama. Akaipokea hati, akaipapasa pale penye muhuri, akaniuliza ningemrejeshea lini kama Bibi yangu asingenipa kitabu. Akasema alingoja miaka hamsini, na mtu aliyemchelewesha mwisho alikuwa anamuona kila siku dirishani anasoma. Akafunga mlango. Kisha nikasikia, kutoka chumbani kwetu juu, dirisha lake nalo likifungwa. Bibi anasema dirisha lile halikuwahi kufungwa mchana tangu kabla hujazaliwa. Leo ni siku ya nne. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo isipokuwa mimi, na nakuomba usinitetee.

Barua hii nimeinakili mara tatu. Moja ni yako, moja ni ya wajumbe, na moja nimeipitisha chini ya mlango wa Bi Mize, kwa herufi kubwa, ili aweze kuisoma mwenyewe. Mwalimu Yussuf akitaka kurekebisha kipeperushi, riwaya ni nne, na jina langu alifute.

Mama anakusalimu. Wasalimie wadogo zangu, uwaambie dada yao anawakumbuka. Bibi nilimuuliza kama ana salamu za kukupelekea. Alisema anazo, lakini hazitoki mpaka umrejeshee ufunguo wake, si kwa Mwalimu Yussuf na vespa, bali uje nao wewe mwenyewe, upande mpaka ghorofa ya tatu, ukae pale pale kwenye ngazi.

Ni mimi mwanao,
Tamima Badar Suud